Unahamia Dodoma na sola yako? Anza kupambana na joto

Mkuu, umesema uhamisho umetoka, mwezi ujao unaondoka Njombe na familia kuja Dodoma. Una paneli mbili za wati 200, betri ya jeli ya Ah (ampea-saa) 100 na inveta ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani, na unauliza kama kwa jua la huku mfumo huohuo utabeba na friji, na vitu gani vya ndani uje navyo au uviuze hukohuko. Mimi pia nilitokea nyanda za juu. Nilishukia Nkuhungu, hapahapa Dodoma, sasa niko Nzuguni, na jioni zangu nyingi zinaishia kwenye nyaya na mita. Nakujibu kwa niliyoyaona na kuyapima mwenyewe.

Jua lipo, hilo usiwe na wasiwasi. Mvua za huku ni msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili, na katikati ya mwaka zinapita wiki bila wingu la maana. Ule ukungu wa Njombe unaokula asubuhi nzima ya kuchaji, huku sahau. Kwa siku nzima utavuna zaidi. Lakini usitegemee kwamba saa sita mchana paneli zako zitatoa kuliko zilivyotoa huko siku ya jua safi. Zitatoa pungufu. Wati 200 zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi moja juu ya hapo inakula karibu asilimia 0.4. Nimewahi kubandika kipima joto nyuma ya paneli yangu mchana wa Oktoba kikasoma zaidi ya 60. Piga hesabu: nyuzi 35 za ziada, asilimia 14 imekwenda, paneli ya 200 imebaki na 172 kabla hujagusa vumbi wala waya. Njombe, na ule mwinuko wake wa karibu mita 2,000, paneli ikipata jua inafanya kazi kwa raha.

Ndiyo maana kila anayehamia huku namwambia apambane na joto kwanza, habari ya kuongeza paneli ije baadaye.

Fundi atakayekuja atataka kuzilaza paneli zako juu ya bati na kuzibana hapohapo, maana ni kazi ya haraka. Kataa. Dai fremu ya chuma inayoacha sentimita 10 hadi 15 chini ya paneli ili upepo upite, na Dodoma upepo tunao. Upepo huohuo ndio sababu fremu ifungwe kwenye kenchi, siyo kwenye bati tupu. Tuko kama digrii 6 kusini mwa ikweta: Juni jua liko mbali kaskazini, Desemba linahamia upande wa kusini. Elekeza paneli kaskazini na uziinamishe digrii 10 hivi, inatosha kwa mwaka mzima. Ukizilaza bapa kabisa, vumbi litakaa, na kuanzia Mei hakuna mvua ya kuliosha. Osha alfajiri kioo kikiwa bado cha baridi, kisha ukaushe kwa kitambaa laini, kwa sababu maji ya visima vya huku yana chumvi na yakikauka yenyewe yanaacha utando mweupe.

Sasa waya, na hapa nakuomba usome taratibu. Paneli yako ya volti 18 ikipata joto lile inashuka hadi kama 15.5. Betri ya jeli inataka ifikishwe karibu 14.2 ndipo ijae. Ukiziunganisha paneli sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampea zinafika 22, na kwenye waya wa milimita za mraba 4 wenye urefu wa mita 10 kutoka paani hadi kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, utapoteza karibu volti 2 njiani. Inayofika kwenye betri ni 13.6. Betri haijai hata siku moja, na jua linawaka nje! Nimemuona jirani akibadilisha betri akidhani ni feki, kumbe ilikuwa inalala na njaa kila siku. Dawa yake: ziunganishe mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na utumie kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchajia. Volti zinakuwa 31 hata kwenye joto, ampea zinabaki 11, unapoteza volti 1 tu kati ya 31. Kontrola ya PWM, isiyoweza kugeuza hivyo, haifai kwa mpangilio huo, itatupa karibu nusu ya nguvu ya paneli.

Betri isikae darini wala kwenye stoo ya bati. Betri za risasi, na jeli ni mojawapo, zinapoteza takriban nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Iweke chini, kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri, juu ya kipande cha ubao, pembeni hewa ipite. Kama kontrola ina kile kiwaya cha kupimia joto, kibandike ubavuni mwa betri. Watu wengi wanakiacha kwenye boksi, wakati ndicho kinachoiambia kontrola ipunguze volti za kuchajia siku za joto kali.

Friji. Ah 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1,200, na kwa jeli usishuke chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia usiku. Friji ya kawaida ya milango miwili inaweza kula uniti nzima, yaani wati-saa 1,000, kwa siku, na kwenye joto la huku inazidi. Mchana paneli zako zitaibeba, ila usiku itaimaliza betri kabla ya alfajiri. Halafu kompresa inapowaka inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na inveta ndogo itazima palepale. Ushauri wangu: friji ibaki kwenye LUKU, yaani umeme wa TANESCO, sola ibebe taa, feni, TV, ruta na simu. Ukipata hela, nunua betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4. Ah 100 za namna hiyo zinakupa karibu wati-saa 1,000 za kutumia kweli, na hapo ndipo tuongelee friji. Kabla ya yote nunua mita ya kuchomeka kwenye soketi, pima friji yako kwa siku nzima mlango ukifunguliwa kama kawaida. Na huku isogeze mbali na ukuta, mgongo wake upumue.

Nyumba utakayopanga, angalia madirisha ya magharibi. Niliingiza kihisi cha joto darini kwangu, waya unashuka hadi kwenye kioo kidogo sebuleni. Saa kumi alasiri dari ilikuwa inazidi nje kwa nyuzi nyingi, na joto hilo lilishuka vyumbani hadi saa nne usiku. Nilitoboa matundu ya hewa pande mbili za paa, nikaweka wavu, na sasa saa mbili usiku watoto wanalala. Hakuna kifaa cha umeme nilichonunua kilichonipa nafuu kama hayo matundu. Kama mwenye nyumba anaruhusu, panda mwarobaini upande huo, unakubali sana ardhi ya huku. Feni za dari za mota ya DC zinakula wati 30 hivi, za kawaida 60 hadi 80. Zile feni za kupoza kwa maji nazo zinafanya kazi huku kwa sababu hewa ni kavu. Dar zingekuongezea unyevu tu.

Hita ya chumba uza. Mablanketi na masweta njoo nayo, maana usiku wa Juni na Julai ukichanganya na upepo baridi ipo. Hita ya bafuni ya papo kwa papo achana nayo, inavuta maelfu ya wati, na mchana maji ya tangi la juu yanatoka ya vuguvugu yenyewe. Birika la umeme litashika ukoko mweupe mapema, lichemshie siki au ndimu mara kwa mara.

Nitumie picha ya lebo ya kontrola yako, ile sehemu yenye volti za juu kabisa za kuingia. Paneli zako mbili kwa mfululizo, zikiwa hazina mzigo asubuhi ya baridi, zinaweza kukaribia 50, na kama kontrola yako mwisho ni 30, usiziunganishe hivyo mpaka uibadilishe.