Mgonjwa anavuja damu, bosi anataka pesa kwanza

SWALI: Wakili, mimi ni muuguzi katika kliniki ya kibinafsi huku Kayole. Mwenye kliniki ameagiza kwamba mgonjwa asiguswe kabla ya kulipa shilingi 5,000. Juzi usiku tuliletewa abiria wa bodaboda, paja limechanika na damu inamwagika. Nilimfunga jeraha, nikamwekea dripu, tukampeleka hospitali ya Mama Lucy. Sasa naambiwa pesa hizo zitakatwa kwenye mshahara wangu, na nikirudia nitafutwa. Nilikosea? Na kama ningemwacha afe, nani angeshtakiwa?

JIBU: Hukukosea, dada. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na haitaji pesa popote. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza dharura kuwa huduma ya haraka inayohitajika kuzuia kifo au hali kuzidi kuwa mbaya. Tena inatambua kwamba kliniki ndogo haina kila kitu: kumtuliza mgonjwa na kupanga apelekwe penye uwezo ni sehemu ya matibabu hayo. Hivyo ndivyo ulivyofanya.

Kuhusu nani angeshtakiwa, kifungu cha 7 cha Sheria hiyo ya Afya kinakilenga kituo. Kituo chenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura kikakosa kuitoa kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Lakini usipumue bado. Leseni ni yako, si ya bosi. Familia ya marehemu ikipeleka malalamiko kwa Baraza la Wauguzi, utakayeulizwa kwa nini hukuizuia ile damu ni wewe, na sioni jibu la "niliagizwa" likikufikisha mbali. Mwaka 2015 nchi nzima ilishuhudia majeruhi akikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi akisaka kitanda cha wagonjwa mahututi hapa Nairobi, na akafariki. Sidhani kuna mkaguzi ambaye bado hajui swali la kuuliza.

Makato ya mshahara ni rahisi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 imetaja makato yanayoruhusiwa, na bili ya mgonjwa wa dharura haimo. Mwandikie bosi barua fupi ya kupinga na ubaki na nakala. Akikufuta kwa sababu hiyo, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Sasa jambo ambalo wauguzi wengi hulipuuza: faili. Andika saa mgonjwa alipofika, presha, mpigo wa moyo, kiasi cha damu ulichokadiria, ulichompa, ulimpigia nani simu na saa ngapi, na ambulensi iliondoka lini. Mpe mgonjwa barua ya rufaa ya kwenda nayo hospitali anakopelekwa. Ikiwa bosi alikukataza kwa simu, andika hilo pia, bila matusi wala maoni. Na agizo lake la shilingi 5,000, mwombe aliweke kwenye karatasi. Nimeona wenye vituo wakilegea ghafla wakiombwa sahihi.

Wala si kila anayekuja usiku ni dharura. Mwenye kikohozi cha wiki mbili anaweza kuulizwa pesa kwanza. Hapo bosi wako ana haki yake. Jamaa wakikutukana au kukutishia, Sheria ya Afya inakuruhusu kukataa kumhudumia mgonjwa mwenye fujo, ila si katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine.

Mwisho, kwa kuwa najua litafuata: mgonjwa akitibiwa na akose pesa, usikubali kutumwa kumfungia lango. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili walivunjiwa haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Bosi aandikiane na mgonjwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madeni yasiyozidi shilingi milioni 1.