Kuchepuka Mikumi na gari dogo: jibu langu kwa mwenye IST

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, Desemba tunaenda Mbeya na familia, nina IST. Naweza kuchepuka Mikumi saa mbili tatu tuone wanyama halafu tuendelee?" Nilicheka peke yangu. Mwaka juzi nilikuwa na wazo hilo hilo, tofauti ni kwamba mimi sikumuuliza mtu.

Barabara ya Morogoro–Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na kupita tu hulipi kitu. Utaona swala, punda milia, ukibahatika na twiga kando ya lami. Wengi wetu tunaishia hapo, tunapiga picha kupitia kioo chenye wadudu waliopondeka, tunalaani matuta, tunasonga. (Matuta yale yana sababu. Magari yanagonga sana wanyama pale, ndiyo maana kuna na vibao vya faini, kila mnyama na bei yake.) Lakini sisi tuliojinyima hadi tukanunua gari letu hatukulinunua ili tupite kama basi. Najua na wewe unataka wanao waseme shuleni, "baba alitupeleka."

Basi Desemba ile tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye tangu Chalinze alikuwa ananiambia anakunja kona vizuri kuliko mimi. Tulifika geti la Kikoboga saa nane mchana. Iringa tulitakiwa tuingie kabla ya giza. Askari wa getini aliliangalia gari, akaangalia mawingu, akasema, "Mzee, nenda bwawa la viboko, geuza, rudi." Akairudia.

Bwawani nikaenda. Viboko walikuwa wamezama, pua tu juu. Shemeji akasema, "Hivi ndiyo vyenyewe?" Hapo ndipo nilipoharibu. Nikaingia njia ya kuelekea tambarare ya Mkata.

Wazee waliposema mbuga walikuwa na maana ya ardhi kabla ya wanyama: tambarare ya udongo mweusi, ukikauka unapasuka, ukinyeshewa unakuwa kama ugali wa muhogo. Mvua ilinyesha dakika ishirini tu. Tairi za mbele zikazunguka, milango ikapakwa tope, gari likakaa kwa tumbo. Kushuka hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, nyati walikuwa pale wanatutazama kama watu wanaotudai. Mtandao unakuja unaondoka. Tulikaa hivyo kwa muda wa karibu saa tatu.

Kijana wangu alimaliza shida zake kwenye chupa ya maji. Binti, miaka sita, chupa haikumfaa. Mke wangu akageuka nyuma, akachukua hotpoti mpya tuliyokuwa tunampelekea mama yake, akaitoa kwenye boksi lake bila kunitazama. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Land Cruiser ya watalii ndiyo iliyotuvuta. Dereva wake alikataa pesa, jambo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo, kaka, IST inaingia. Ila isiwe Desemba, na isiwe ya kupitia. Nenda kiangazi, Julai hadi Oktoba, wanyama nao wanasogea kwenye maji. Lala mji mdogo wa Mikumi, gesti zipo za kila mfuko, saa 12 asubuhi uwe getini. Kiingilio hakilipwi taslimu, unapewa namba ya malipo unalipia. Msikilize askari. Akikwambia geuza, geuza. Na usiwe na haraka! Haraka ndiyo inatumaliza sisi wanaume wa barabarani: tunataka kufika mapema, tunataka kuonekana, na mke akisema "turudi" tunaongeza gia. Nani alitudanganya kwamba kurudi nyuma ni kushindwa? Nasema na nafsi yangu kwanza.

Agosti mwaka huu tulirudi, shemeji yumo. Tulilala Mikumi. Saa moja kasoro asubuhi, umande bado kwenye nyasi, tembo jike na mtoto wake walivuka mbele yetu, yule mdogo akasimama katikati ya njia akijaribu kuinua mkonga ambao bado hajaujulia. Nikazima injini. Hakuna aliyeongea, hata shemeji. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumetoka, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukapanda mlima Kitonga jua likiwa bado juu.

Tulimpelekea mama mkwe hotpoti nyingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akanitazama, kisha akafungua kifuniko na kuinusa. Shemeji alikuwa ameshatoka nje.