Sampu ya lita 80 itatosha kwa tangi la lita 648?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Ndani wamo siklidi wakubwa, na machujio mawili ya nje niliyonayo hayaumudu tena uchafu wao. Nataka kuhamia kwenye sampu, yaani lile tangi la pili la kuchujia linalokaa ndani ya kabati, chini. Aliyenitengenezea kabati anasema sampu ya lita 80 yatosha, na pampu ya lita 6,000 kwa saa ninayo tayari. Ninachohofia ni umeme kukatika usiku nikaamkia mafuriko. Nikifunga vali ya kuzuia maji kurudi, si nitalala salama?

JIBU: Hofu yako ndiyo pa kuanzia hesabu. Wengi hupima sampu kwa siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Wewe ipime kwa ile dakika pampu inapozimika.

Chukua kalamu. Kwa upana na urefu wa tangi lako, kila sentimita moja ya maji ni lita 10.8. Pampu ikiwa kazini, maji husimama kama sentimita 2 juu ya meno ya kisanduku cha kufurikia, yaani kile cha ndani ya tangi kinachopokea maji ya juu na kuyashusha kwenye sampu. Ikizimika, hizo lita 22 hivi zitateremka, hilo halina mjadala. Balaa liko kwenye bomba la kupandishia. Mdomo wake ukiwa umezama sentimita 10 chini ya yale meno, maji yatageuza njia na kujivuta yenyewe kwenda chini mpaka mdomo upate hewa: lita 108 nyingine. Jumla 130, bado yaliyomo kwenye mabomba. Sampu ya lita 80 ambayo tayari imejaa nusu ina nafasi ya lita 40. Zile 90 zilizobaki ni za sakafuni.

Vali ya kuzuia maji kurudi ifunge ukipenda, ila usiitegemee peke yake. Yangu ilifanya kazi vizuri kwa miezi minane, wa tisa nikakanyaga maji gizani. Nilipoifungua nilikuta konokono wa ukubwa wa punje ya mchele kakaa juu ya mpira wake. Tangu siku hiyo naamini tundu. Toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye bomba la kupandishia, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka kulipita, hewa inaingia, bomba linakoroma mara mbili tatu, kisha kimya. Tundu nalo huzibwa na mwani, kwa hiyo lichokonoe kwa kijiti kila unapobadili maji. Na mdomo wenyewe wa bomba usiuzamishe mno, uuache sentimita 2 au 3 tu chini ya uso, ili hata tundu likiziba hasara iwe ndogo.

Kabati likiruhusu, jenga sampu ya sentimita 100 kwa 45 kwa 45. Hiyo ni lita 202. Kuta za ndani ziishie kimo cha sentimita 22, utabakiwa na nafasi ya lita 100 hivi ya kupokea maji ya dharura. Vyumba vitatu vinatosha. Cha kwanza kinapokea maji na kina soksi ya kuchujia au sponji nene. Cha pili, kikubwa kuliko vyote, ni makao ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti. Hita iweke humo, kwa sababu kimo cha maji hakibadiliki. Maji yanayopotea kwa mvuke hupungua chumba cha tatu tu, kwenye pampu.

Hicho cha tatu wengi hukifanya kikubwa, na ni kosa. Bomba la kushushia likiziba, pampu itapandisha kila tone lililomo humo. Kikiwa na urefu wa sentimita 25 na maji ya kimo cha 20, ni lita 22 na ushei, ambazo zitainua maji ya juu kwa sentimita 2. Acha sentimita 4 hadi ukingoni, hutamwaga kitu.

Mabomba ya kushushia yawe mawili. La kwanza lina vali ya kurekebishia, linapita likiwa limejaa maji na halipigi kelele. La pili, lenye mdomo ulio juu zaidi, hubaki kavu likingoja siku ya dharura. Hilo usilitie vali kamwe, hata kama fundi bomba atakuambia inapendeza.

Lita 6,000 za kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji popote. Angalia mchoro wa pampu unaoonyesha lita kwa kila kimo, usome kimo halisi cha kupandishia maji, pengine mita moja na nusu. Unahitaji kama lita 3,000 kwa saa. Zikizidi, punguza kwa vali upande wa kutolea maji, si wa kuvutia.

Kabla ya kutoboa tangi, muulize aliyelitengeneza kama kuna kioo kilichopashwa moto kisha kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Kioo hicho ukikigusa na keekee kinasambaratika chote.

Jaribu kwa maji matupu kwanza. Pampu ikiwa imezimwa na maji yameshateremka yote, ongeza maji kwenye sampu hadi yabaki sentimita 5 kufika ukingoni. Washa, subiri yatulie, punguza maji hadi chumba cha pampu kibaki na kimo cha sentimita 20, kisha piga mstari wa kalamu hapo. Usijaze kupita mstari huo. Kisha ziba bomba la kwanza kwa kiganja uone lile kavu linavyopokea. Machujio ya zamani yaache yaendelee sambamba kwa wiki 4 hadi 6, mpaka bakteria wa sampu wawe wamekomaa.