Maswali ya Wasomaji: Utando wa Silikoni Mbele ya Mkaguzi wa Hataza

Toleo hili tunajibu maswali ya hataza (haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) kuhusu vikombe vya hedhi na bidhaa nyingine za silikoni zinazotumika sehemu za siri.

SWALI: Kikundi chetu kinatengeneza kikombe cha hedhi cha silikoni chenye utando wa PVP (polivinilipirolidoni, plastiki inayonywa maji), ili kikilowa kiteleze. Mkaguzi wa hataza ametukatalia maombi. Ametaja hataza mbili: moja ya kikombe kisicho na utando, nyingine ya katheta (mrija wa kutolea mkojo) ya silikoni yenye utando wa PVP. Anasema mtaalamu yeyote angeziunganisha, hivyo hakuna uvumbuzi. Tumjibu kwamba katheta si kikombe? – Thika

JIBU: Msimjibu hivyo. Mtaalamu anayefikiriwa na sheria hakufungiwa kwenye mambo ya hedhi. Akitaka silikoni iteleze mwilini, pa kwanza kuchungulia ni kwenye katheta, na huko atalikuta jibu limeshaandikwa.

Fuateni njia anayopita mkaguzi mwenyewe. Anaanza na waraka ulio karibu zaidi na uvumbuzi wenu, yaani kikombe kitupu. Anatafuta tofauti, ambayo ni utando. Anauliza tofauti hiyo inaleta faida gani, kisha kama mtaalamu mwenye shida hiyo angefanya mlivyofanya. Kwamba angeweza tu haitoshi. Njia hii ilisukwa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na kwenye ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika kule Harare, nako inatumika. Kwa hiyo ugomvi wenu uko kwenye faida. Mkitaja utelezi peke yake mmeshindwa, maana waraka wa katheta nao unautaja.

Ila katheta za aina hiyo kwa kawaida hutumika mara moja zikatupwa. Kikombe hukunjwa kila kinapoingizwa, huchemshwa kila mzunguko, na mnunuzi anataka kimfae miaka. Hapo ndipo silikoni inapoleta ukaidi. Nishati ya uso wake ni ndogo, kama milinewtoni 20 hadi 22 kwa mita, hivyo karibu kila kinachopakwa juu yake hubanduka. Mafundi huipitisha kwenye plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme) ili uso upate vikundi vya silanoli, yaani silikoni yenye oksijeni na hidrojeni, vya kushikia utando. Lakini minyororo mifupi ya molekuli za silikoni hupanda kutoka ndani na kuufunika uso tena, kazi ya saa au siku chache tu. Silikoni isiyookwa vya kutosha baada ya kutoka kwenye kalibu (kawaida saa 4 kwa nyuzi 200 za Selsiasi) ina minyororo hiyo tele. Kisha PVP ikichemshwa hunywa maji na kuvimba, ilhali silikoni iliyo chini yake haivimbi. Utando unavutana na kikombe chake, na kwenye mkunjo ndipo unapopasuka kwanza.

Kama mmelitatua hilo, uvumbuzi wenu uko hapo. Mmelitatuaje? Pengine kuna tabaka la kati linaloungana kikemia na pande zote mbili, au PVP imefungamanishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Chochote kile, kiingizeni kwenye dai la kwanza (sentensi inayotaja kile mnachotaka kilindwe), kwa sababu faida isiyotokana na kitu kilichomo ndani ya dai haihesabiwi. Na lazima kiwe kilikuwemo kwenye maelezo siku mlipowasilisha maombi. Kama hakikuwemo, hakuna barua itakayokiingiza sasa.

SWALI: Matokeo ya majaribio tunaweza kuyatuma baada ya kuwasilisha? – Thika, hao hao

JIBU: Matokeo, ndiyo, kwa mipaka. Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Ulaya iliamua mwaka 2023, katika shauri G 2/21, kwamba ushahidi wa baadaye unaweza kutegemewa ikiwa faida inayodaiwa inatokana na mafundisho yaliyokuwa ndani ya maombi ya awali. Kama maelezo yenu hayakugusa kabisa uimara wa utando, mko pabaya.

Pimeni makundi matatu: kikombe kitupu, kikombe chenye utando uliotengenezwa kama waraka wa katheta unavyoelekeza, na chenu. Silikoni iwe ileile (tuseme yenye ugumu wa Shore A 50), kalibu ileile, unene wa utando uleule. Chemsheni, kunjeni, mpime msuguano kwenye maji kabla na baada. Kisha mkate viraba kwenye utando na kuuvuta kwa utepe, kama kiwango cha ISO 2409 kinavyoonyesha. Kosa tunaloliona sana ni kulinganisha na kikombe kitupu peke yake. Jingine ni kubadili silikoni na utando kwa pamoja. Hapo mkaguzi atauliza faida imetoka wapi, na hamtakuwa na jibu.

SWALI: Dai letu linasema "utando laini na salama wenye unene wa maikromita 1 hadi 500". Tumeambiwa si jipya wala halieleweki. – Mombasa

JIBU: Kosa la upya ni rahisi kuliona: waraka wa zamani ukionyesha utando kama wenu wenye maikromita 10, umeshaingia ndani ya kipimo chenu na dai zima limeanguka. Ndiyo maana maelezo huandikwa kwa ngazi: 1 hadi 50, bora 3 hadi 20, bora zaidi 5 hadi 12, na mfano halisi kwenye kila ngazi. Pa kurudi pawepo. Semeni pia unene ulipimwa wapi, kwenye ukingo au kwenye tumbo la kikombe, maana utando wa kuchovya huteremka na kujaa chini.

"Laini" na "salama" ziondoeni. Laini ibadilishwe iwe namba ya msuguano, pamoja na uzito, mwendo na kitu kilichosuguliwa. Usalama ni wa mamlaka ya vifaa tiba, inayotaka vipimo vya ISO 10993, kiwango cha usalama wa vifaa tiba mwilini. Mkaguzi wa hataza haupimi. Na msitaje malighafi kwa jina la kibiashara tu. Mtengenezaji akibadili mchanganyiko, hakuna atakayeweza kurudia kazi yenu.

SWALI: Tulionyesha vikombe vyetu kwenye maonyesho miezi 8 iliyopita, hatujawasilisha chochote. – Kisumu

JIBU: Kenya bado mna nafasi: Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inasamehe mvumbuzi aliyefichua mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha. Marekani nako ni miezi 12. Ulaya msahau, isipokuwa kama kilichoonekana hakikufichua kemia ya utando. Wasilisheni wiki hii.

SWALI: Bidhaa ni ya sehemu za siri. Inaweza kukataliwa kwa sababu ya maadili? – Dar es Salaam

JIBU: Ya hedhi, hapana, Leona Chalmers alipewa hataza ya kikombe huko Marekani mwaka 1937. Hata vifaa vya faragha vya watu wazima vina daraja lake katika mfumo wa kimataifa wa kupanga hataza, A61H 19/00, na hataza hutolewa, ingawa hataza si ruhusa ya kuuza. Kabla ya kulipa ada, tafuta bure kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza mtandaoni, kwa alama za madaraja haya: A61F 5/4553 kwa vikombe, A61L 29/08 kwa utando wa katheta, C09D 183/04 kwa rangi na mipako ya silikoni. Anza na ile ya katheta.