Hesabu mizani, kisha sikiliza mkazo

Kama unaanza kutunga mashairi, bila shaka umeshafundishwa kuhesabu kwa vidole: katika kila mshororo, mizani (yaani silabi) 8 kipande cha kwanza, 8 cha pili, vina vya kati na vya mwisho vikae sawa. Nami nilianzia hapo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hesabu ikitimia, shairi limekamilika.

Harusi ya dada yangu ndiyo iliyonifungua masikio. Nilitunga beti sita, nikazipitia mizani kwa mizani. Katika ubeti wa tatu niliwasifu maharusi hivi: "Mmefunga barabara". M-me-fu-nga-ba-ra-ba-ra, 8 kamili. Nilikusudia kwamba ndoa wameifunga sawasawa. Nilipoghani kipande hicho, watu wakatazamana. Baadaye shangazi aliniita kando, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, wamefunga barabara gani?"

Neno hilo likimaanisha "vizuri kabisa", mkazo unakaa silabi ya pili: ba-RA-ba-ra. Likimaanisha njia, unakaa ya tatu: ba-ra-BA-ra. Kawaida ya Kiswahili ni mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na maana niliyoitaka mimi ni miongoni mwa maneno machache yanayoikiuka. Mahadhi yangu yalikuwa yanatua kwa uzito kwenye mizani ya saba, kwa hiyo wageni walisikia njia.

Shangazi alikaa nami mkekani, akawa anapiga kiganja kila penye mkazo. "Baba leo kala wali": pigo la kwanza, la tatu, la tano, la saba, kama kwata. "Nimekukumbuka mama": mizani nne kimya, kisha mapigo mawili yanafuatana, la tano na la saba. "Safari imewadia": la pili, halafu kimya kirefu hadi la saba. Vipande vyote vina mizani 8, lakini kila kimoja kina mwendo wake. Kwangu mimi uhai wa shairi umo humo kuliko hata kwenye vina. Kwa hiyo usipange maneno ya silabi mbilimbili mfululizo, isipokuwa unautaka mwendo wa gwaride. Mwendo ukikwama, nyumbua kitenzi: piga, pigana, piganisha, mkazo unahama kila unapoongeza silabi.

Jihadhari na "mtu", "mbu" na "nchi". Ile m au n ya mwanzo ni mizani kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo. Ya "ndizi" haihesabiwi peke yake.

Na usiazime sikio la Kiingereza. Kule mkazo ndio kipimo chenyewe: mshororo wa kawaida wa Shakespeare una silabi 10, hafifu na nzito zikipokezana mara tano, na zile hafifu humezwa mdomoni. Kiswahili hakimezi irabu, kila silabi hupewa haki yake. Nikitafsiri shairi la Kiingereza, midundo yake naiacha hukohuko, natafuta bahari (aina ya shairi) ya kwetu inayoweza kuibeba maana.

Ubeti wa tatu niliurekebisha siku ileile: "Ndoa mmefunga bora". Mizani 8, kina cha -ra kimebaki. Nilipomghania shangazi, kiganja chake kikatua kwenye ndo, fu na bo, akaniambia niendelee na ubeti wa nne.