Hukosi mazoezi, mwili haukui: fungua daftari

Miezi inapita, hukosi. Jumatatu kifua, Jumatano mgongo, Ijumaa miguu, na shati la mwaka jana bado linakukaa vilevile. Ukilalamika utaambiwa uongeze bidii, ushauri wa ajabu kwa mtu ambaye bidii ndicho kitu pekee alicho nacho tele. Afadhali ujibu swali moja: wiki nane zilizopita, kwenye benchi, ukiwa umelala chali unasukuma chuma juu, ulinyanyua kilo ngapi na ukarudia mara ngapi? Ukianza kukuna kichwa, basi tumepata pa kuanzia.

Misuli haihesabu mahudhurio. Inakua pale inapobanwa na kazi ambayo haijaizoea, kisha ikapata chakula na usingizi wa kujijenga. Mgeni wa vyuma hufaidika na chochote, maana kila kitu ni kipya kwake. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo nguvu hupanda haraka, ingawa sehemu kubwa ya nguvu hizo ni ubongo na neva kujifunza kuiamsha misuli iliyokuwapo tangu hapo. Baadaye somo hilo linakwisha. Kilo 40 zilizokutetemesha mwezi wa kwanza sasa unazipandisha huku unapiga soga, na mwili hauoni sababu ya kujibebesha nyama usiyoihitaji. Hapa ndipo watu hukata tamaa na kusema "asili yangu ni mwembamba". Asili ipo, sikatai, lakini kabla ya kuilaumu ona kwanza namba zako.

Daftari la shule linatosha. Kwa kila zoezi andika tarehe, uzito, na marudio ya kila seti, yaani kila mzunguko unaoufanya kabla ya kupumzika. Mfano: "Benchi, kilo 40: 8, 8, 7." Siku ya benchi ikirudi, kazi yako si "kufanya kifua", ni kuizidi mistari hiyo: 9, 8, 8 tayari ni ushindi. Jiwekee ukomo wa chini wa marudio 8 na wa juu 12. Seti zote tatu zikifika 12, ongeza uzito mdogo kabisa uliopo, kwa mfano kilo 2.5 kwa jumla, urudi kwenye 8, uanze kupanda upya. Kwenye dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, kuna mtego: kutoka kilo 14 kwenda 16 kunaonekana kudogo, kumbe ni ongezeko la asilimia 14 hivi. Ndiyo maana mabega hukwama hapo. Panda kwanza hadi marudio 15 kwa kilo 14, ndipo ushike za 16.

Kuna wanaoandika vizuri na bado hawakui, kwa sababu seti zao huishia pale zinapoanza kuwa na maana. Tazama seti ya kweli ya marudio kumi. Mara saba za kwanza mwendo ni uleule. Ya nane inapungua kasi bila wewe kutaka. Ya tisa chuma kinasitasita katikati ya njia. Ya kumi kinapanda polepole, uso umekunjamana, na unajua ungeweza moja zaidi, labda mbili. Simama hapo. Ukiweka chuma chini wakati mwendo haujabadilika hata kidogo, umepasha mwili moto tu.

Kama hujui uko umbali gani na ukomo wako, jipime kwenye zoezi lisilo na hatari, kama kukunja mkono kwa dambeli au mashine ya miguu. Seti ya mwisho endelea mpaka ishindikane kabisa. Aliyekuwa anaishia 10 akajikuta amefika 17 ameshapata maelezo ya miezi aliyokwama. Jaribio hili usilifanye kwenye benchi ukiwa peke yako bila vyuma vya kukinga: chuma kikikulalia kifuani, daftari halitakusaidia.

Kosa la upande wa pili ni kupandisha namba kwa ujanja. Kilo zinaongezeka, lakini skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, inazidi kuwa fupi, au mkono unakunjwa kwa kuyumbisha kiuno. Kwenye daftari umekua, kwenye mkono hapana. Marudio ya nusu yaandike "nusu" na usiyahesabu.

Kuhusu wingi, seti ngumu 10 kwa wiki kwa kila kundi la misuli ni mahali pazuri pa kuanzia. Wengi wanaokua vizuri huwa kati ya 10 na 20. Zikizidi sana kwa siku moja, za mwisho huwa za kujichosha tu, kwa hiyo zigawe mara mbili kwa wiki. Pumzika dakika 2 hadi 3 baina ya seti za mazoezi makubwa kama skwati na benchi. Kukimbilia seti inayofuata baada ya sekunde 40 hukupa jasho jingi na marudio machache.

Sasa chakula, na hapa wembamba wengi hujidanganya kwa nia njema kabisa. "Nakula sana" mara nyingi maana yake ni kwamba jana usiku nilikula sana. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, siku nne au zaidi kwa wiki, kisha chukua wastani. Namba ya siku moja ni maji na chumvi. Wastani huo upande kwa asilimia 0.25 hadi 0.5 ya uzito wako kila wiki: mwenye kilo 70 ni gramu 175 hadi 350. Ukikaa palepale wiki mbili, ongeza kalori 200 hadi 300 kwa siku. Zinywe kama tumbo limejaa, maana maziwa hushuka kirahisi kuliko sahani ya pili. Ukipanda haraka kuliko hapo, sehemu kubwa ya ziada itakuwa mafuta.

Protini, lenga gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 70 ni gramu 112. Mayai matatu yana 18 hivi, vikombe viwili vya maziwa vya mililita 250 vina 16, gramu 150 za kidari cha kuku kilichopikwa 45, na gramu 200 za maharage yaliyopikwa kama 17. Hiyo ni 96, na nafaka za siku nzima huziba pengo lililobaki. Kosa linalorudi kila mara ni kudhani gramu 100 za nyama ni gramu 100 za protini; nyingi ya hizo ni maji. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kabla ya kugusa hesabu hizi.

Unga wa protini ni chakula, hauna muujiza. Kreatini, unga wa kuongeza nguvu ya misuli, gramu 3 hadi 5 kila siku, husaidia kweli kidogo, na kilo moja hivi inayoweza kupanda mwanzoni ni maji ndani ya misuli, usiisherehekee. Chochote kinachoahidi kilo nyingi za misuli kwa wiki chache kiache dukani. Usingizi ni saa saba au zaidi, sina la kuongeza.

Ari nayo huisha kwa sababu tunaipima kwa kioo. Mtu mpya anayekula vizuri anaweza kupata nusu kilo hadi kilo moja ya misuli kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, na baadaye kasi hupungua mno. Kilo moja iliyotawanyika kuanzia shingoni hadi kwenye vigimbi vya miguu, nani ataiona kwa kujitazama kila asubuhi? Tumia utepe wa fundi cherehani: katikati ya mkono wa juu, kiuno, paja, mara moja kila wiki nne, kabla ya mazoezi. Baada ya mazoezi mkono huvimba kwa damu na utepe hukupa furaha ya uongo. Maumivu ya kesho yake pia si kipimo. Hupungua kadiri unavyozoea zoezi, hata misuli ikiwa inakua.

Siku usiyojisikia, fanya zoezi la kwanza tu, seti mbili, uandike. Bado hutaki? Nenda nyumbani bila kujilaumu. Mara nyingi utabaki. Lakini namba zikishuka siku mbili za mazoezi mfululizo, tena kwenye zaidi ya zoezi moja, na usingizi umeharibika, hapo si uvivu: kwa wiki nzima fanya nusu tu ya seti zako. Na usibadilishe ratiba kabla ya wiki 12, kwa sababu kila ratiba mpya hukurudisha kwenye kujifunza mwendo, ukadhani unakua.

Baada ya wiki hizo 12 weka daftari na wastani wa uzito wa mwili pamoja. Marudio yamepanda, uzito umeganda: ongeza chakula. Uzito umepanda, marudio hayajasogea, na utepe wa kiuno ndio uliokua: rudi uone seti zako zinaishia wapi. Vyote vimeganda: anza na sahani. Uzito unashuka ilhali unakula, na uchovu hauishi, mwone daktari akupime damu, sukari na tezi ya shingo. Vyote vimepanda ila kioo hakijasema kitu, endelea na ratiba ileile.