Kusuka kitanzi kwenye kamba ya kukwea miti: anza na kujua kamba yako

Ndugu, umeuliza kama unaweza kujisukia kitanzi mwishoni mwa kamba ya kukwea, yaani kuikunja ncha yake (mkia) na kuizamisha ndani ya kamba yenyewe, badala ya kufunga fundo, kwa kufuata video uliyoiona. Unaweza, na mimi vyangu najisukia mwenyewe miaka mingi sasa. Lakini je, video ile ilihusu kamba kama yako?

Kuna kamba zilizosukwa ndani na nje, ambapo ganda (suko la nje) na kiini (sehemu ya ndani) vinagawana uzito, kwa hiyo mikia yote miwili, wa ganda na wa kiini, lazima izame. Kuna zile za nyuzi 16, ambazo uzito karibu wote unabebwa na ganda, kiini kinaifanya tu kamba ibaki duara. Ukisuka ya pili kwa maelekezo ya ya kwanza, utapata kitanzi kizuri machoni ambacho hakifai kubeba uzito wa mtu. Hata kiwango cha Marekani cha kazi za miti, ANSI Z133, kinataka ufuate maelekezo ya mtengenezaji wa kamba yenyewe. Kama mtengenezaji hajatoa maelekezo, nunua yenye kitanzi kilichoshonwa kiwandani.

Kinachoshikilia kitanzi ni msuguano. Kamba ikivutwa, ganda linaubana mkia uliozama ndani yake; ikilegea, mbano unapungua, na mkia unaweza kutambaa kidogo kidogo hadi utoke. Kwa hiyo mshono wa kufungia kwenye shingo ya kitanzi usiuache kamwe. Usiukaze mno, maana hauko pale kubeba uzito.

Mkia nao usiukate butu. Punguza nyuzi kwa hatua ili uishe mwembamba, la sivyo ganda linapinda ghafla pale unapoishia na kamba inadhoofika hapohapo.

Penye kazi hasa ni kulirudisha ganda ulilolisukuma nyuma ili kukitoa kiini. Funga kamba kwenye nguzo imara, ulikamue kwa mikono kuelekea kitanzi. Litakwenda vizuri, kisha litagoma karibu na makutano, pale ganda na kiini vinapopishana. Hapo watu wengi huridhika mapema. Rudi nyuma, pinda-pinda kamba ilainike, kamua tena. Kiini kikiendelea kuchungulia shingoni, fumua chote.

Jifunzie kwenye kipande cha kamba mpya, kwani iliyotumika huwa ngumu. Kisha ning'inia karibu na ardhi kwanza, na ukague mshono kila mara kabla ya kupanda.

Taja aina ya kamba yako na kipenyo chake, tuangalie inahitaji usukaji upi.